Noeli ya Makauboi na Sufuria ya Mama Mkubwa

Mama mkubwa wangu alikuwa na sufuria ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, mbuzi mzima angeenea ndani bila kukunja shingo. Hakuna aliyewahi kujaribu, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Alivuka nayo ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo akiwa ameketi ndani yake, maana boti lilikuwa limejaa na pa kukaa hapakuwepo. Watu wa ufukwe wetu wa Nchelenge, ng'ambo ya pili, waliona kwanza sufuria, kisha kitambaa chekundu, kisha chini ya kitambaa mwanamke aliyeuliza kama hapa pana kanisa linalohitaji mpishi.

Kanisa lilimhitaji. Tangu siku hiyo sufuria ile ilipika harusi zetu zote na matanga yetu yote, na kila mwaka ilipika Noeli. Siku iliyofuata Noeli wanawake waliibeba hadi ziwani, wakaiosha, na hapo hapo majini wakaamua ikae nyumbani kwa nani mwaka mzima unaokuja. Ilikuwa heshima kubwa kuliko unavyodhani. Mwenye kukaa na sufuria alijua nani anaoa kabla bibi harusi hajajua. Wanaume walipotaka jambo kanisani walipita kwanza jikoni kwake kusalimia, na walisalimia kwa adabu. Kila mwaka wanawake waliamua ibaki kwa mama mkubwa, na kila mwaka mwenyekiti wao alikunja midomo.

Mwenyekiti alikuwa Mbemba wa hapo hapo, mke wa mtu mwenye mashamba ya mihogo na zizi la mbuzi nyuma ya barabara ya Mansa. Kwao waliongea Kibemba. Kiswahili chetu cha Kongo, kile cha "njo" badala ya "ndiyo" na "ao" badala ya "au", alikiweka kwa ajili ya soko, na kwa ajili ya kumchoma mama mkubwa. Mwaka ninaoukumbuka, kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, alikitumia mwanzoni mwa Desemba, mbele ya wanawake wote.

"Mayo," alisema, akimwita mama kwa Kibemba, "Kirisimasi yako ya mwaka jana niliilala. Ya mwaka juzi pia niliilala. Mwaka huu watu wakilala tena, ao wakirudi kwao na njaa, sufuria inakuja kwangu."

"Ao na kiu," akajibu mama mkubwa.

"Sikusema kiu."

"Mi njo nasema. Na njaa ao na kiu. Mimi siogopaka."

Alikuwa na tabia hiyo. Ukimwekea mtego mdogo, aliuongezea kamba mwenyewe.

Aliporudi nyumbani hakuwa na wazo lolote. Alikaa juu ya gunia la chumvi akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyesema kiu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo, na kazi yangu ilikuwa kula chakula chake.

Wazo lilitoka kwa jirani. Desemba serikali hulifunga ziwa ili samaki wazae, na wavuvi wote hubaki nchi kavu, wanarekebisha nyavu ambazo hazina ubovu. Mwaka ule waliobaki bila kazi waliingia nyumba ya video iliyopakana na ua wetu, wakaangalia kaseti moja ya makauboi, kwa sababu ilikuwa moja. Kufika wiki ya pili hata mbwa wetu alijua lini bunduki italia. Katika kaseti ile kulikuwa na mji wa mbao wenye barabara moja, na ilikuwa Noeli, na theluji imefunika kila kitu. Wauaji wawili waliacha kuuana wakampelekea mjane kuni. Sherifu, yaani askari mkuu wa mji, alivua kofia akaimba. Mama mkubwa aliingia kuangalia mara tatu. Mara ya tatu alisimama mbele ya televisheni, watu wote wakitazama mgongo wake, akapima barabara ile kwa viganja.

"Bon," alisema. "Njo hii. Noeli yetu iko hii."

Wavuvi walifurahi kama watu waliofunguliwa kutoka kifungoni. Mimi nilipewa cheo cha mtaalamu, kwa sababu nilisoma. Nilichosoma ni jiografia, na sura iliyohusu Amerika ilizungumzia ngano. Lakini watu wazima waliponijia na maswali sikuthubutu kuwavunja moyo.

"Wewe ulisomaka," aliniuliza mvuvi mmoja wa kisiwa cha Kilwa, kile kilichomo ziwani kwetu, aliyepanga chumba kwetu kila ziwa likifungwa. "Kauboi, anakula nini?"

"Maharage."

"Na samaki?"

"Hana samaki."

"Njo maana anapigaka batu," alisema.

Huyo ndiye tuliyemfanya sherifu, maana alikuwa na masharubu. Nyota yake tuliikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kofia tulizitengeneza kwa vikapu vya dagaa, ambavyo ukivigeuza na kuvikunja pembeni vinafanana kabisa na kofia za makauboi, ila vinanuka, na jua likiwaka magamba ya samaki yanakudondokea usoni. Farasi hatukuwa nao. Tulikuwa na baiskeli za kubebea samaki, zile nzito za chuma, na kila moja tuliifungia mbele kichwa cha farasi kilichochorwa kwenye katoni ya sabuni. Farasi wangu hakuwa na breki. Niliambiwa kwamba hata farasi wa kweli hana breki, na nikakumbushwa kwamba mtaalamu ni mimi.

Mji wenyewe ulikuwa tayari. Soko la samaki lilikuwa safu mbili za vibanda vya mbao zinazotazamana, na kwa kuwa ziwa limefungwa vilikuwa tupu. Niliandika kwa chokaa: BENKI, GEREZA, SHERIFU. Kibanda cha mwisho niliandika BAA, na katekista akaja akasimama mbele yake mpaka nikaongeza YA MUNKOYO. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kitamu, hakileweshi, na mama mkubwa aliamua kwamba sufuria itajazwa hicho hadi ukingoni. Wali na maharage vingepikwa kwenye vyungu vya kuazima. "Alisema kiu," alieleza. Kwamba kiu alikuwa ameisema yeye, alikwisha sahau.

Ikabaki theluji. Tulikuwa katikati ya masika, joto limekaa juu ya ziwa kama kifuniko. Mtu mmoja alipendekeza unga wa muhogo, na wanawake wakamtazama hadi akaondoka. Chakula hakimwagwi chini. Tukajaribu pamba ya msufi. Upepo wa ziwa uliichukua yote mara moja, na kwa siku mbili kuku wa Nchelenge walitembea wakipiga chafya. Ndipo mama mkubwa akainuka kutoka kwenye kiti chake, na kiti chake, kama nilivyosema, kilikuwa gunia la chumvi.

Alikuwa na magunia kumi na mawili ya chumvi ile ya mawe, ya kukaushia samaki. Ziwa limefungwa, samaki hakuna, na chumvi ilikuwa inavuta unyevu na kugeuka maji polepole chini yake. Tulimwaga konzi moja kwenye udongo mweusi, tukarudi nyuma hatua tano. Ilikuwa theluji. Nimezunguka sana tangu siku hizo, sikai mahali, na mara moja katika milima ya kusini nilikutana na theluji yenyewe. Kabla sijafikiri niliinama nikaionja. Wenzangu walinicheka, nami nilishindwa kuwaeleza kwa nini nimehuzunika kwamba haina chumvi.

Watu wa ufukweni wanaijua chumvi kama wanavyoijua mikono yao. Wanajua ni kiasi gani kwa samaki mnene na kiasi gani kwa mwembamba, na kwamba mwenye kidonda asiiguse. Yote wanayoyajua yanahusu samaki. Kati yetu sote hapakuwa na mtu aliyewahi kufuga hata mbuzi mmoja.

Siku moja kabla ya Noeli mwenyekiti alipita sokoni kukagua. Aliangalia benki, akaangalia gereza, akacheka kidogo kwa pua. Kisha akaona magunia.

"Hii chumvi ni ya nini, mayo?"

"Theluji."

"Mtaimwaga yote? Barabara yote?"

"Yote."

Mwenyekiti aliangalia barabara kutoka mwanzo hadi mwisho, na uso wake ukalainika. "Ni wazo zuri sana," alisema, akaenda zake haraka haraka kuelekea kwake. Nakumbuka nilimwambia mama mkubwa kwamba labda yule mama tulimwonea.

Noeli tulitoka kanisani saa nne na nusu. Nasema kweli: watu walipogeuka kona ya soko wakaona barabara ile nyeupe inang'aa kati ya vibanda, walisimama. Bibi mmoja alivua ndala asiichafue theluji. Mvuvi wa Kilwa alitoka ofisini kwa sherifu na nyota yake, akavua kikapu kichwani, akaimba wimbo wa Noeli kwa Kibemba, na tulipoingia sisi makauboi wanane juu ya baiskeli, tukipiga kengele, chumvi ikilia chini ya magurudumu, watu walipiga vigelegele hadi upande wa Kilwa wangesikia. Mimi sikuweza kusimama, kwa sababu mnazozijua. Nilipita benki, nikapita gereza, nikaingia ziwani na farasi wangu mpaka kifuani. Watu walidhani imepangwa na wakaomba nirudie.

Hakuna aliyelala. Nilipotoka majini nilimwona mama mkubwa amesimama kando ya sufuria, mwiko mkononi, akimtazama mwenyekiti aliyeketi benchi la mbele. Mwenyekiti naye alikuwa hatazami mji. Alikuwa anatazama barabara ya Mansa.

Mbuzi wa kwanza aliingia peke yake, taratibu, akasimama mbele ya benki kama mteja. Watu walicheka, wakadhani ni wa mchezo. Akainamisha kichwa, akalamba theluji, akainua kichwa, akafikiri, akalia mara moja. Sijui alisema nini, lakini wenzake walimwelewa. Walikuja zizi zima. Walipita kati ya kwaya, chini ya mabenchi, juu ya mapaja ya katekista, wakajipanga kutoka gerezani hadi baa, wakala mji.

"Kauboi," mama mkubwa aliniita, sauti yake chini kabisa, "hii si kazi yenu?"

Ilikuwa kazi yetu. Nadhani ndiyo siku pekee katika historia ya Mweru ambapo makauboi walipewa kazi ya makauboi, na hatukuiweza. Tuliwafukuza kwa baiskeli. Walipisha baiskeli ipite kisha wakaendelea kulamba. Farasi mmoja aliliwa kichwa, kwa kuwa katoni ilikuwa ya sabuni na mbuzi hachagui. Na kadiri walivyokula chumvi, ndivyo kiu ilivyowakamata. Ziwa lote la Mweru lilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Lakini sufuria ilikuwa hatua tano, na munkoyo una sukari.

Walikunywa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameizunguka kama watu wa baa. Mama mkubwa aliwapiga kwa mwiko hadi mwiko ukakatika. Kisha beberu wao mkubwa, mwenye ndevu na harufu yake ya kiume unayoisikia ukiwa bado kanisani, akaona nafasi za pembeni zimejaa. Akaruka akaingia ndani.

Beberu alisimama katikati ya munkoyo, akatutazama, kisha akakunja miguu, akalala. Alionekana kichwa tu.

"Anaenea," alisema mama mkubwa.

Mvuvi wa Kilwa ndiye aliyetuokoa na aibu, au aliyeiongeza, mpaka leo sijaamua. Alivua nyota akaiweka mfukoni. Alisema ukauboi umetushinda, tufanye tunachokijua. Akaingia chumbani kwake akatoka na wavu wake wa kukokota, na makauboi wote wakatupa baiskeli wakashika kamba, nusu huku nusu kule, kama wanavyofanya ufukweni kila siku ya mwaka ziwa likiwa wazi. Waliuzungusha kuanzia gerezani, wakafunga upande wa benki, wakaanza kuvuta kwa wimbo. Mbuzi walikuja. Walikuja wote ila beberu, wanalia, pembe zimenasa, wanavutwa juu ya mabaki ya theluji kuelekea majini, na watu waliokaa wiki tatu bila kushika kamba walikuwa na furaha usoni ambayo sherifu wa kwenye kaseti hakuwahi kuwa nayo.

Hapo akafika askari wa samaki. Alikuwa nyumbani kwake anakula, akasikia wimbo wa kukokota wavu katika mwezi ambao wavu haukokotwi. Alikuja mbio na mdomo una mafuta, shati halijafungwa, kitabu mkononi.

"Nani amewaruhusu kuvuta?"

"Tunavuta inchi kavu, mukwai," alisema mvuvi wa Kilwa, kwa neno la heshima la Kibemba.

"Kuvuta ni kuvuta. Nionyesheni mlichokamata."

Tukamwonyesha. Alizunguka ule wavu mara mbili. Aliinama akamtazama mbuzi mmoja usoni kwa karibu, mbuzi naye akamtazama. Nilimwona anafungua kitabu, anatafuta mahali pa kuandika, anakifunga. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na hakuweza kuondoka hivi hivi. Alitoa mfukoni kipimo chake cha nyavu, akakiingiza kwenye tundu la wavu, karibu na sikio la mbuzi.

"Matundu ni madogo," alisema. "Hata kwa mbuzi, haya ni madogo."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mwenyekiti alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mvua ilianza tukiwa bado tunacheka, ile mvua nzito ya Desemba, na kwa dakika chache theluji yote ikayeyuka ikaingia ziwani, na mji ukabaki soko la samaki. Ndipo watu wakaanza kutafuta kinywaji. Walikuwa wamekula wali na maharage, wamepumua chumvi asubuhi yote, wamecheka, na sufuria ilikuwa na beberu. Wakaenda makwao wakiwa na furaha, na kiu.

"Kiu," mwenyekiti alimwambia mama mkubwa akipita.

Usiku ule mama mkubwa hakula. Aliketi jikoni na sufuria yake, nami kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba bila chombo kile angekuwa mwanamke mmoja tu aliyevuka ziwa, kama wengine wengi. Nilitaka kumwambia kitu. Nilimwambia labda matokeo yangu yatakuwa mazuri. Aliniomba nikalale.

Kesho yake wanawake waliibeba ziwani. Nilifuata na mchanga na majivu ya kusugulia. Walisugua, kisha wakasimama majini, na mwenyekiti akasema maneno yanajulikana, watu walirudi na kiu, au siyo? Hakuna aliyeweza kubisha. Mama mkubwa mwenyewe aliinua upande mmoja wa sufuria amkabidhi.

Mwenyekiti akainama kushika upande wa pili. Akasimama hivyo ameinama.

"Inanuka," alisema.

Wakaiosha tena. Akanusa tena. Wakaiosha mara ya tatu, kwa majivu mapya. Wengine wote walisema haina kitu. Lakini yeye alikuwa mtu wa mbuzi, na pua yake ilijua beberu alipokuwa amelala na alipokuwa ameegemeza ndevu. "Awe, hapana," alisema. "Hii kwangu haiingii. Nitapikaje ndani yake? Ibaki kwako, mayo, mpaka harufu iishe."

Mama mkubwa hakufurahi. Alikuwa bado amekasirika. Alichomoa kiunoni kipande cha kamba.

"Hii ilikuwa ku shingo ya beberu," alisema. Akampa mvuvi wa Kilwa, aliyekuwa kando anafua matope ya mbuzi kwenye wavu wake. "Yaya, ndugu yangu, weye unajua kamba. Aliikata?"

Mvuvi aliigeuza mara moja tu. "Hapana. Haikutafunwa. Fundo ilifunguliwa na mutu. Na mutu mwenyewe hakuwa na haraka."

Wanawake wote walimgeukia mwenyekiti. Alitazama kisiwa cha Kilwa, akatazama mawingu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa kitenge.

"Na mbuzi nao wana Kirisimasi," alisema ndani ya kitenge.

Kwa desturi ya pale, mnyama akiharibu chakula cha watu, mwenye mnyama hulipa. Mama mkubwa aliombwa ataje anachotaka. Wengine walidhani atataka mahindi au sukari. Alimtaka beberu.

Mwenyekiti alidhani beberu atachinjwa na akamleta mwenyewe mchana ule, tena kwa furaha, maana alikuwa mzee na mkorofi. Hakuchinjwa. Aliishi nasi miaka yote iliyobaki kabla sijaanza safari zangu, mbuzi pekee katika mtaa wa watu wa samaki. Mchana alizurura ufukweni. Jioni mama mkubwa alimfunga jikoni, kwenye sikio la sufuria, kwa fundo alilofundishwa na mvuvi wa Kilwa. Kila siku iliyofuata Noeli mwenyekiti aliinama majini, akanusa, akatikisa kichwa, na sufuria ikarudi nyumbani kwetu. Na kila asubuhi, kabla hajawasha moto wala kusali, mama mkubwa alichota chumvi kidogo kwenye kiganja, akampelekea beberu pale alipolala, ndani ya sufuria.